Kule Kanada Mguu Unaruhusiwa

Bega langu la kulia limestaafu kabla yangu. Daktari alilitazama kwenye picha, kisha akanitazama mimi, akauliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninalisha mashine ya kurusha mipira. Akaandika maelezo marefu kuliko jibu langu. Ndiyo maana ninaacha kazi nikiwa katika miaka ya arobaini, nywele nyingi zikiwa bado nyeusi, na nyinyi wawili mnaobaki na mashine mmeniomba niandike yale ambayo siwezi tena kuwaonyesha kwa mkono. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Cheo hakikuwepo, na mshahara mtaujua wenyewe.

Nilianzia Louisville, upande wa Okolona, kwenye ghala la vifurushi. Nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari kwenye kambi ya wakimbizi na kufika Marekani na koti moja la baridi lililonitosha mara mbili. Siku moja mchana, nikitoka zamu, nilipita kando ya uwanja wa manispaa. Mpira ule wao, wenye ncha mbili kama papai, ukaruka uzio ukanifuata barabarani. Mtu mwenye akili angeuokota. Mimi niliupiga teke ili kuwarudishia, kama ambavyo mtu yeyote wa Uvira angefanya. Haukurudi. Ulipinda kulia, ukagonga kioo cha gari jeupe lililoegeshwa kivulini.

Akatoka mzee mweusi mrefu, mabega mapana, magoti yanayolalamika. Nilijua nimekwisha. Akakigusa kioo, akaona ni kizima.

"Umetoka wapi wewe?"

"Kongo, mzee."

"Kanada wangekupenda. Kule mguu unaruhusiwa." Akanyoosha kidole kwenye mashine iliyokuwa katikati ya uwanja. "Unajua kusimama mahali pamoja?"

Nikasema najua. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni za kambi nusu ya maisha yangu.

Huyo ndiye Clarence. Alicheza Kanada miaka mingi kama mpokeaji, yaani yule anayekimbia mbele na kudaka pasi inayotoka kwa mrushaji. Msimu mmoja hakuna mtu katika ligi nzima aliyepokea pasi nyingi kumpita. Hilo hakuniambia yeye. Aliporudi kwao Louisville alianza kuwafundisha vijana ambao timu za Marekani zimewakataa, ili wavuke kwenda kujaribu bahati kule juu. Alikuwa na mashine moja, mifuko ya mipira, na hakuwa na mtu wa kulisha. Kesho yake nikaja baada ya zamu. Sikuacha kuja.

Sasa mashine. Ina magurudumu mawili ya raba yanayozunguka kwa kupingana, na wewe unausukuma mpira katikati yake. Inaonekana kazi ya mtoto. Lakini mshono ukitazama chini, mpira unatoka ukitikisika, na mpokeaji atakulaumu wewe, si mashine. Asubuhi ya baridi raba inakuwa ngumu na mpira unateleza, kwa hiyo yaache magurudumu yazunguke bure mpaka mkono uhisi yamepata joto. Bonyeza mpira kwa kidole gumba kujua upepo uliomo. Kipimo tulichonacho ni kizuri, lakini kidole hakiishiwi betri. Glavu za wapokeaji zifueni kwa maji baridi, zianikeni kivulini. Mkiziweka kwenye mashine ya kukaushia, ule unato wake unakufa, na mtasikia matusi kwa lafudhi za majimbo yote.

Halafu jifunzeni kusikiliza. Mpira ukigonga viganja unasema *pa*, na huyo bado ana safari ndefu. Ukidakwa kwa vidole hausemi kitu. Clarence alinifundisha kugeuka nikampa mgongo mpokeaji, nikalisha kwa kupapasa, nikamwambia nani ni nani kwa sikio tu.

Kutoka Louisville tulihamia Columbus, kwa sababu Clarence alipata ukumbi wa ndani kule Hilliard na mimi nilikuwa nimeanza kuchoka na Okolona. Niseme ukweli, mimi ni mtu wa kuchoka na mahali. Nikiwa Okolona niliota Uvira, nikiwa Columbus niliota Okolona, hata harufu ya makaratasi ya vifurushi. Mke wangu anasema nikifika mbinguni nitaulizia basi la kurudi. Tulipanga Whitehall, kwenye majengo ambayo kila ngazi ina Mkongo, na kila Jumapili tulijaa kanisani mpaka viti vya kukodi vikaisha. Mchana niliendesha gari kuvuka mji hadi Hilliard kulisha mashine.

Kule Clarence alitundika ukutani picha za wapokeaji bora wa ligi ya Kanada kwa vizazi. Wa zamani kabisa hawana glavu. Mikono yao ni kama ya wachimba mitaro, vidole vimevunjika na kuunga ovyo. Hao, alisema Clarence, walidaka mipira iliyoganda kwenye barafu na kwenda kazini Jumatatu, maana mpira haukuwalisha. Wakaja wembamba, wakimbiaji, waliojua kutumia upana wa uwanja wa kule, ambao ni mpana kuliko wa Marekani. Kisha wakaja wa glavu zinazonata, wanaodaka kwa mkono mmoja ili mama zao waone kwenye televisheni. Clarence hakuwadharau hao wa mwisho. "Kila mtu anadaka kwa vifaa vya wakati wake," alisema. Picha yake mwenyewe aliitundika karibu na mlango wa choo. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba hapo ndipo watu husimama muda wa kutosha kuitazama.

Kitu kimoja lazima mkielewe, maana kila kijana Mmarekani atakuja hakijui. Kwao mpokeaji anasimama kwenye mstari akisubiri mchezo uanze, kama mtu anayesubiri basi. Kanada anaruhusiwa kuanza kukimbia kabla. Anatoka nyuma, anaongeza mwendo, na mpira unapoanzishwa yeye anaufikia mstari akiwa na kasi yote. Akiuvuka mapema, timu inaadhibiwa. Akichelewa, amepoteza bure zawadi ya kanuni. Tulibandika utepe sakafuni na kuwafundisha kwa kupiga makofi. Walikuwa wanaume wakubwa, wengine wametoka vyuo maarufu, wakikimbilia utepe na kusimama ghafla kama wameona nyoka.

Na kila kundi jipya Clarence alilihutubia kwa jambo la pili. "Kumbukeni, mguu unaruhusiwa. Mpira ukiponyoka ukawa chini, mnaweza kuusukuma kwa mguu, kisha mkauokota wenyewe." Waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyewahi kulifanyia mazoezi. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba mpira ulio chini unarukiwa, na kuupiga teke ni kosa.

Kutoka Columbus tukaenda Buffalo. Clarence alitaka kuwa karibu na daraja la kuvukia Kanada, ili makocha wa Kanada waweze kuvuka asubuhi na kurudi kula kwao. Tulipata ghala kuukuu, hili hili mlilomo, na tulizoa kinyesi cha njiwa kwanza, ndipo tukazitundika tena picha zile zile. Huko ndiko alikonifuata Espoir.

Espoir nilimjua kanisani Whitehall. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mikono mirefu kuliko mikono ya shati lolote la dukani. Tangu mtoto alikuwa golikipa. Shuleni Columbus kocha mmoja alimwona akidaka kona, akampeleka kwenye mpira wa ncha mbili, na hakuna mpira uliomponyoka. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Alidaka kila kitu, kisha akalala nacho. Mpira ukifika mikononi anauvuta kifuani, anapiga magoti, anaufunika kwa mwili wote. Huko kwetu tungempigia makofi. Lakini mpokeaji akidaka anatakiwa akimbie, na Espoir aliishia pale pale aliposhukia. Timu mbili zilikuwa zimemjaribu na kumrudisha kwa sababu hiyo. Alikuja Buffalo na begi moja, akalala kwenye kochi langu, miguu ikining'inia.

Siku ya kwanza Clarence alimtazama akidaka na kulala, akidaka na kulala.

"Golikipa," akamwita, na jina likabaki. "Unaatamia? Tutegemee vifaranga?"

Wenzake wakacheka. Espoir akacheka nao, lakini alipokuja kuchukua maji niliona macho yake.

"Ya Pascal," akaniambia, maana kwetu kaka mkubwa huitwa Ya, "mimi najua. Akili inasema simama. Mupira ikiingia mu mikono, mwili inalala yenyewe."

"Tutaibadilisha."

"Bon. Lakini mjomba amenipatia nafasi kiwandani. Mama amesema nijaribu hii moja tu. Wasiponichukua, narudi."

Wakati huo Clarence alikuwa amepata ahadi ya timu moja ya ng'ambo. Wangevuka mwishoni mwa mwezi kuwatazama vijana wetu kwenye mechi ya majaribio, na walihitaji mpokeaji mmoja. Mama Espoir, anayetunza wazee Columbus na kuwainua kitandani kwa mgongo wake mwenyewe, alinipigia simu kabla wiki haijaisha.

"Pascal, nasikia mutoto wangu anaanguka-anguka huko. Anagonjwa?"

"Hapana, mama. Ni ugolikipa."

"Basi mumuache akuwe golikipa!"

"Kazi hiyo huku haiko, mama."

"Nimeomba sana," akasema. "Lakini kiwanda hakitangoja. Ukiona haiwezekani, mwanangu, usimudanganye. Umuambie mapema, arudi na roho nzima."

Nikaahidi. Ahadi ile iliniketi shingoni kila nilipoweka mpira kwenye magurudumu.

Tulijaribu mengi. Clarence alimfunga mto kifuani ili asiweze kukumbatia. Akaukumbatia mpira pamoja na mto. Tulimwagia maji sakafuni ili aone aibu kulala. Akalala akalowa. Mwishowe nilikaa nikafikiri golikipa mzuri anafanya nini akishadaka. Halali milele. Anainuka, anatafuta mwenzake, anarusha haraka kuanzisha shambulio kabla wapinzani hawajajipanga. Nikachukua pipa la takataka, nikaliweka mbali upande wa pili. Nikamwambia, "Hilo pipa ni winga wako. Ukidaka, mpe."

Akadaka, magoti yakaanza kukunjika, kisha macho yakalitafuta pipa. Akarusha amesimama. Clarence alisogeza kiti chake karibu, na kwake hiyo ni sherehe. Siku zilizofuata tulilisogeza pipa, tukaliweka kulia, kushoto, nyuma. Kisha nikamwambia asirushe tena, bali ampelekee winga mpira mwenyewe, kwa miguu. Akaanza kukimbia. Si kila mara. Akichoka, mwili ulirudi kwenye golikipa, na Clarence alipaza sauti: "Ukilala mbele ya wale watu, nakupandisha basi la Ohio na jezi hiyo hiyo!"

Asubuhi ya majaribio kulikuwa na manyunyu. Tulikuwa kwenye uwanja wa nyasi wa jirani, ambao ni wa Kimarekani, kwa hiyo tulikuwa tumeupanua kwa utepe na koni mpaka ukafanana na wa Kanada. Makocha wawili walivuka daraja, mwanamume na mwanamke, wakiwa na makoti ya mvua na vikombe vya kahawa. Clarence alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwamuzi alikuwa mtu wa mtaani aliyejitolea, mkarimu, mwenye filimbi kali.

Espoir alianza vizuri. Alikimbilia mstari kabla ya mpira kuanzishwa, akaufikia kwa wakati wake kamili. Alidaka mbili akiwa amesimama, akakimbia. Ya tatu ilikuwa ya chini, na nikaona magoti yakikunjika, nikaona akilala. Mwanamke yule akamwambia mwenzake neno, naye akatikisa kichwa taratibu. Ninajua kutikisa kichwa kwa aina ile. Nilikuona katika ofisi nyingi. Mkono wangu ukaingia mfukoni ulipokuwa na simu, nikafikiria jinsi ya kumwanzia Mama Espoir.

Muda ulikuwa unakaribia kwisha wakampa nafasi nyingine. Alikatiza katikati ya uwanja. Pasi ikaja kwa nguvu, na yeye akaidaka kwa vidole, mbali na kifua, vile tulivyomfundisha. Sikusikia kitu. Akainua macho, akampita beki mmoja. Na kwa kuwa safari hii hakuukumbatia mpira, beki wa pili alitokea nyuma akaupiga kwa ngumi, ukatoka mikononi mwake ukaanguka kwenye nyasi zilizolowa.

Najua yote haya huchukua muda mrefu zaidi kusoma kuliko yalivyotokea. Mabeki wawili waliurukia. Espoir alikuwa karibu kuliko wao, na nilijua atalala. Hata mimi nilitaka alale, alau asiupoteze. Badala yake mguu wake wa kulia ulitoka, upande wa ndani, taratibu, ukausukuma mpira katikati ya mabeki waliokuwa hewani. Mpira ule ukaruka ovyo kama ulivyozoea, ukainukia kushoto, naye akaufuata, akaugusa tena kwa mguu wa pili, kama kijana anayechezea kopo la soda njiani. Wenzake walisimama wameduwaa. Mwamuzi akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Espoir hakusikia, au hakujali. Mpira ukabingirika ukavuka koni, ndani ya eneo la mwisho, na hapo ndipo alipolala. Aliuangukia kwa mwili mzima, akaufunika kama alivyofundishwa tangu mtoto.

"Kosa!" mwamuzi alikuwa akipiga kelele. "Kaupiga teke!"

Clarence aliinuka kwenye ndoo kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona tangu Louisville. "Filimbi ya nini? Tunacheza ya Kanada hapa! Mguu unaruhusiwa!"

Mwamuzi akawageukia wageni. Yule kocha mwanamume alikuwa amejimwagia kahawa kwenye koti. "Mzee yuko sahihi," akasema. "Hizo ni alama sita."

Mwanamke alimwendea Espoir, ambaye bado alikuwa chini. "Nani kakufundisha hiyo?"

Espoir akamtazama Clarence, akanitazama mimi, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Hakuna, mama. Mzee alisema nikilala tena ananipandisha basi. Niliogopa kuinama."

Mwanamke yule alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akakaa kwenye nyasi zilizolowa kando yake, akaanza kumwuliza mambo mengine. Anakimbiaje, amecheza wapi, yuko tayari kuishi kwenye baridi kali kuliko hii? Baada ya mazungumzo yale wakamwambia Clarence kwamba wanamchukua huyo. Clarence aliketi tena juu ya ndoo. "Miaka yote nimewaambia," akasema, na hakuwa akimwambia mtu. "Miaka yote. Mmoja kanisikia, naye hakuwa akisikiliza."

Nilimpa Espoir simu yangu. Alizungumza amesimama mvuani.

"Mama, wamenitwaa."

Sikusikia mama yake aliuliza nini, ila Espoir alifunga macho, kisha akasema, "Karibu vile, mama. Karibu kama golikipa."

Alicheza kule misimu michache ya maana. Nisiwaongopee, hakuwahi kukaribia juu ya orodha ya wapokeaji wa ligi. Wakati wake palikuwa na wengine wenye kasi kuliko yeye, na picha zao mnaziona ukutani. Yeye alikuwa yule anayerushiwa pale timu inapohitaji mpira ushikwe tu, katikati ya watu, mvuani. Mara kwa mara alilala, na makocha wakamzoea. Nafasi ya kiwandani alipewa binamu yake, ambaye bado yuko huko na anamtania kwamba alimkimbia. Sasa Espoir anaishi Hilliard, anafanya kazi ya kuwapeleka wagonjwa hospitali kwa gari, na Mama Espoir ameacha kuinua wazee wa watu. Clarence yuko Louisville kwa binti yake. Kabla ya kuondoka alitundika picha ya Espoir karibu na mlango wa choo, kando ya yake. Nyinyi mmeiona, mkadhani ni dharau.

Juzi mliponiandalia keki, mlishangaa kumwona mtu mrefu mwenye kitambi kidogo akiingia bila kubisha. Aliendesha gari asubuhi nzima kutoka Ohio. Mlitaka hotuba. Yeye akasema, "Ya Pascal, donc unaondoka bila kunilisha mpira wa mwisho?"

Daktari alinikataza. Nikaiwasha mashine, nikaacha magurudumu yapate joto, nikapapasa mshono, nikageuka nikampa mgongo kama Clarence alivyonifundisha. Bega liliuma. Mpira ukatoka, na sikusikia kitu, kisha nikasikia kishindo kikubwa cha mwili kwenye sakafu.

Nilipogeuka alikuwa amelala juu yake, suruali nzuri ya Jumapili ikiwa imejaa vumbi, ameufunika kwa mikono yote miwili. Mlimwambia ainuke keki ikatwe. Akasema mtusubiri kidogo.